Nilivyomlisha Mbwa wa Doreen

Mwezi uliopita nilipostaafu, wenzangu vijana waliniandalia keki, kisha wakaniomba kitu kimoja. Walitaka niwaandikie kurasa chache juu ya kazi ya kutunza wazee majumbani, hasa usafi wa mikono, kwa kuwa hilo ndilo lililonipa jina. Kwa miaka mingi, karibu wafanyakazi wote wapya wa kampuni yetu upande huu wa magharibi wa Sydney walipitia kwangu kabla ya kupewa mteja. Waliniita Mama Sabuni wakidhani sisikii. Nilikuwa nasikia, na nilipenda.

Nikakaa mezani kwangu hapa Rooty Hill nikaandika kurasa tano. Zilikuwa nzuri, zina vichwa vidogo na kila kitu. Nilipozisoma niliona zimeandikwa na mwongo, nikazichana. Hizi ninazoandika sasa hazikupangika kama zile, na zina aibu ndani yake. Aibu hiyo ni yangu mwenyewe, sikuazimwa na mtu.

Nilikuja nchi hii nikiwa na miaka thelathini na minane, nikimfuata mume wangu aliyetangulia kwa masomo. Nyumbani Voi nilikuwa muuguzi wa zahanati. Huku vyeti vyangu vilitazamwa, vikageuzwa, vikatazamwa tena upande wa nyuma, kisha nikaambiwa nianzie kwenye kutunza wazee. Siku ya kwanza nilivaa viatu vipya vyeupe na kufika saa nzima kabla ya muda. Nilikabidhiwa kwa mwanamke wa Kifilipino aitwaye Luz, mfupi, miwani yake imefungwa kamba shingoni, mtu wa maneno machache na macho mengi.

Luz alinipaka mikononi krimu fulani nyeupe, akaniambia ninawe nijuavyo. Nikanawa kwa fahari yote ya muuguzi wa Voi. Akazima taa ya chumba, akawasha kurunzi yenye mwanga wa buluu, akanimulika. Kila mahali sabuni ilipoparuka, krimu iling'aa: kwenye vidole gumba, katikati ya vidole, chini ya pete ya ndoa. Nilitamani ardhi ipasuke. Luz akasema kila mtu husahau kidole gumba, hata madaktari, na kwamba taa ile ni ya kumfundisha mtu, si ya kumwaibisha. Alipostaafu aliniachia kurunzi hiyo, nami nikaitumia kwa kila aliyenifuata.

Jambo la pili alilonifundisha lilihusu glavu. Alisema glavu huchafuka kama mkono unavyochafuka, ila aliyevaa hausikii uchafu huo. Kwa hiyo glavu ni za kazi moja. Ukimaliza unazivua, unazitupa, unanawa kwa sabuni kwa muda wa kuimba ubeti mzima bila haraka. Kuzipaka dawa ya mikono ili uzitumie tena, alisema, ni kujidanganya mchana kweupe.

Baada ya miaka kadhaa nilihamia kazi ya kuwatembelea wazee majumbani mwao. Kazi yenyewe haikunishinda. Kuogesha, kulisha, kumgeuza mtu kitandani bila kumchubua, hayo nilitoka nayo nyumbani. Kilichonishinda ni wanyama. Kwetu mbwa hulala nje na hula ukoko wa ugali kwenye sufuria iliyotoboka, na sijawahi kumwona mtu akiiosha sufuria hiyo. Huku nilimkuta mbwa ana kitanda, ana daktari, ana koti la baridi, na bakuli lake limepangwa kabatini pamoja na sahani za wenye nyumba. Mzee mmoja alikuwa akimpa kasuku wake biskuti mdomo kwa mdomo, kisha anataka dawa zake. Nilipomwambia asukutue kwanza na kunawa, alinijibu kwamba kasuku ni msafi kuliko mimi kwa sababu kasuku hapandi treni.

Kila mteja ana faili lenye orodha ya kazi, na kwa wengi kuna mstari unaosema: mlishe mnyama. Sisi tuliotoka Afrika tuliuchukia mstari huo. Tulishauriana kwa simu: shika kwa glavu, usimguse. Nami nilifundisha hivyo hivyo. Nilisisitiza kunawa baada ya kumpapasa paka, baada ya kuokota kinyesi cha mbwa, baada ya kulambwa. Kuhusu chakula chao nilipita haraka. Hapo ndipo kosa letu lilipojificha, na naliandika waziwazi: tulimwogopa mbwa, tukaiamini nyama. Kwetu nyama ni heshima, ni kitu cha mgeni na cha sikukuu. Aliyekulia Voi au Bukavu ya Kongo haitazami nyama akaona uchafu. Tulivaa glavu kujikinga sisi na mbwa, hatukuvaa kumkinga mzee na nyama mbichi, na tukishazivaa tulijiona wasafi mpaka mwisho wa zamu.

Sasa nifike kwa Doreen. Alikuwa na miaka zaidi ya themanini, mjane, anaishi peke yake Toongabbie, dakika chache kwa miguu kutoka stesheni. Ujanani alishona sare za shule kiwandani, na mpaka uzeeni hakuweza kuona pindo limelegea akanyamaza. Viungo vyake vilikuwa vimevimba, na dawa alizomeza kwa ajili hiyo ziliupunguzia mwili nguvu ya kupigana na maradhi. Hilo liliandikwa kwa herufi nzito mwanzoni mwa faili lake. Mimi ndiye niliyekuwa nikiwasomea wengine.

Mbwa wake aliitwa Rusty, kibogoyo karibu kabisa, mwenye kupumua kwa kelele. Kwa sababu ya meno, alilishwa nyama mbichi ya kusaga, ya kangaruu, inayouzwa kwa ajili ya wanyama tu, imegandishwa kwenye pakiti. Doreen alikuwa akimpa nyingine kwa vidole vyake mwenyewe, nami nikisimama pembeni na bakuli la maji ya sabuni nikimngoja kama mhudumu wa harusi. Alinifundisha kumtengenezea mkate wake wa mchana: ukingo umekatwa, nyanya nyembamba kama karatasi. Nilimwita Mama, kwa sababu jina tupu la mtu wa umri ule lilikataa kutoka kinywani mwangu. Alicheka, akasema hata mwanawe hamwiti hivyo tangu ahamie Brisbane.

Nilikwenda kwake Jumatatu, Jumatano na Ijumaa. Jumanne na Alhamisi alikwenda Furaha. Huyu ni Mkongomani wa Bukavu, anaishi na binti yake Merveille, na wakati huo alikuwa na miezi minne tu kazini, bado yumo kwenye kipindi cha majaribio. Alitaka kusomea uuguzi, na ili akubaliwe chuoni alihitaji barua nzuri kutoka kwetu. Nilimfundisha mimi. Alikuwa mwanafunzi wa kukera kwa maswali, yaani mwanafunzi mzuri. Alishindwa na kitu kimoja tu. Alipata kuumwa na mbwa akiwa mtoto, kovu liko kwenye shavu la mguu, na siku niliyompeleka kwa Doreen mara ya kwanza alipanda juu ya kiti.

"Mama Wakesho, mi naogopaka imbwa tangu utoto," aliniambia. "Kuosha bibi, kupika, byote nitafanya. Lakini hii ya kulisha imbwa, sorry, siwezi."

Tukakubaliana watatu pale jikoni. Siku za Furaha, Rusty atapata punje kavu za chakula cha mbwa, na Doreen mwenyewe atammwagia kwa kikombe. Nyama mbichi itakuwa siku zangu tu. Furaha alishuka kwenye kiti. Sikuandika mapatano hayo kwenye faili, maana niliona ni jambo dogo la jikoni.

Jumatano moja nilifika nimechelewa. Jumatatu yake nilisahau kuitoa nyama ya Rusty kwenye friza. Nyama hiyo inatakiwa iyeyukie ndani ya friji, rafu ya chini kabisa, kwenye chombo chenye kifuniko, ili maji yake yasidondokee chakula cha mtu. Mimi niliiweka mezani pembeni mwa mkate, dirishani penye jua, jambo ambalo mwanafunzi wangu angelifanya ningemkaripia. Nilivaa glavu. Kijiko cha mbwa sikukiona, kwa hiyo nilikata nyama kwa kisu cha jikoni na kuijaza bakulini kwa mkono. Doreen akaita kutoka sebuleni kwamba ana njaa.

Boksi la glavu lilikuwa limebaki na jozi moja, nami nilikuwa naiwekea kazi ya kumwogesha. Nikabonyeza dawa ya mikono juu ya glavu nilizovaa, nikasugua, nikaanza kukata nyanya. Kisu nilikuwa nimekipitisha tu chini ya bomba. Nilitengeneza mikate miwili, mmoja wa mchana ule, mwingine nikaufunga kwa plastiki aule Alhamisi asubuhi. Kwenye mfuko wa mkate niliona alama nyekundu ya kidole, ndogo. Nikaipangusa kwa kitambaa cha vyombo. Niliiona. Kama nisingeiona ningekuwa na kisa kingine cha kuwasimulia.

Alhamisi Furaha alifika, akamwogesha Doreen, akampikia mchuzi wa kuku na karoti. Doreen alikula saa saba. Saa kumi alianza kutapika na kutetemeka kwa homa. Zamu ya Furaha ilikuwa imekwisha lakini hakuondoka. Aliita gari la wagonjwa, akakaa naye sakafuni bafuni akimshika kichwa, mbwa yule yule anayemwogopa amelala kwenye miguu yake. Haya alinisimulia kwa simu jioni hiyo.

Ijumaa asubuhi Julie, msimamizi wetu, alinituma nyumbani kwa Doreen nimpeleke mbwa kwa jirani na kusafisha friji. Nilipofungua friji niliona nusu ya mkate wangu imebaki kwenye plastiki. Nilisimama pale mpaka friji ikaanza kulia kwa kuachwa wazi. Kisha nikatupa vyote: mkate, pakiti ya nyama ya Rusty, na mchuzi wa Furaha. Nikachemsha maji, nikakitumbukiza kisu. Hakuna aliyeniambia nichemshe kisu.

Jumatatu hospitali ikasema ni salmonela, vijidudu vya tumboni vinavyoletwa na chakula. Julie hakuwa mtu mbaya, alikuwa na fomu ya kujaza. Aliniuliza nilikuta nini ndani ya friji. Nikasema kulikuwa na kuku. Ilikuwa kweli. Hakuniuliza kama kulikuwa na kingine, nami sikuongeza. Akaandika kwamba mteja alikula kuku saa saba na akaugua saa kumi. Hapo nilipaswa kusema jambo analolijua muuguzi wa mwaka wa kwanza: vijidudu hivyo huchukua saa nyingi mwilini kabla ya kumwangusha mtu, mara nyingi siku nzima au zaidi. Kuku wa saa saba hamtapishi mtu saa kumi kwa ugonjwa ule. Nilinyamaza kama maji ya mtungi.

Kisha Julie akaniomba, kama mwalimu wa mikono, nimpime Furaha mbele yake.

Ningeweza kukataa. Nilikwenda kuchukua kurunzi. Furaha alinyoosha mikono, nikampaka krimu, akanawa kwenye sinki la ofisi kwa utaratibu wote niliomfundisha, midomo yake ikihesabu. Nikazima taa, nikamulika. Mikono ilikuwa misafi kuliko yangu ya siku ile ya kwanza. Ila kwenye kidole gumba cha kushoto, karibu na ukucha, palikuwa na mng'ao mdogo.

Furaha Kiingereza anakijua, lakini hofu ilimrudisha kwenye lugha yake. "Mama," alisema, "si ulitwambiaka kila mutu anasahauka kidole gumba? Hata badokta?"

Julie akaniuliza amesema nini. Ofisini mle mimi peke yangu nilikuwa na ufunguo wa maneno yale. Nikamwambia Julie, "She's just nervous," yaani ana wasiwasi tu.

Furaha alinitazama, kisha akainamisha kichwa. Julie akaandika. Nimeuguza watu wengi waliokufa mikononi mwangu, na hakuna kifo ninachokiona mara nyingi nikifumba macho kama ninavyouona mng'ao ule mdogo na kichwa kile kikiinama.

Hawakusema kwamba wamemfukuza. Walisema hawataendelea naye baada ya majaribio, na barua ya chuo haikuandikwa. Doreen alipona, lakini baada ya kulala hospitali wiki mbili miguu haikumbeba tena, akapelekwa kwenye makao ya wazee ambako mbwa hawaruhusiwi. Nilimtembelea mara moja. Aliniuliza Rusty anakula nini. Nikasema jirani anamlisha vizuri. Akanishukuru kwa jinsi nilivyokuwa nikimtunza mbwa wake, na sikurudi tena.

Nilifanya kazi miaka miwili zaidi. Mafunzo yangu yalibadilika. Niliwafundisha wapya kwamba chakula kibichi cha mnyama ni hatari hata kama mnyama mwenyewe hajakusogelea, na kwamba mbwa anaweza kukila akabaki mzima huku mzee akilazwa. Niliwaambia kijiko cha mnyama kiwe chake, kisu kiwe chake, na bakuli lioshwe peke yake kwa maji ya moto na sabuni, na sinki lisuguliwe baadaye. Nyama isioshwe bombani, maana maji hurusha vijidudu mpaka kwenye vikombe. Mabaki yaliyokaa bakulini yatupwe. Hata zile punje kavu, ukizishika, nawa. Pakiti ukiigusa, nawa. Mteja akimlisha mnyama wake kwa mkono, mpelekee maji na sabuni kabla hajajigusa mdomo. Chakula cha mtu kitengenezwe kwanza, cha mnyama baadaye. Na glavu ni za kazi moja. Julie alisema ni somo bora kuliko yote niliyopata kutoa, nikapewa cheti. Mganga hajigangi, lakini cheti anapokea.

Vijana walikuwa wakiniuliza nimeyatoa wapi yote hayo. Nilisema kwenye uzoefu.

Habari za Furaha nilizipata kwa vipande. Nilisikia anapanga maboksi kwenye ghala. Siku moja nilikuwa Cabramatta, ambako wengi wetu huenda kununua samaki wakavu na majani ya muhogo, nikakutana na mama mmoja wa kanisani kwake. Nilimuuliza hali ya Furaha kana kwamba naulizia hali ya hewa. Akaniambia yupo, ila siku hizi kanisani hapiki. Zamani sombe yake, ile mboga ya majani ya muhogo, ndiyo iliyokuwa ikiisha kwanza kwenye kila mkusanyiko, watu wakikwangua sufuria. Sasa amepangwa kupanga viti. Nikajua, au nilidhani najua: uvumi umewafikia, watu wanaogopa chungu chake. Nilirudi nyumbani bila majani ya muhogo.

Mngedhani hapo ndipo nilipokwenda kwake. Sikwenda. Nilikaa mwaka mzima zaidi. Nilijiambia huenda daktari hawezi kuapa kwamba ni mkate wangu. Nilijiambia Furaha sasa amezoea ghala. Nilijiambia nikisema, wateja wangu wataachwa na nani. Sababu nilikuwa nazo za kugawa. Yenyewe ya kweli ni kwamba nilipenda kuitwa Mama Sabuni, na nilitaka kustaafu na jina hilo.

Wiki moja baada ya ile keki nilikwenda ofisini nikamweleza Julie yote, mpaka kisu. Alisikiliza bila kuandika. Akasema ataliweka jambo hili kwenye kumbukumbu na atampigia Furaha. Mlangoni akaniuliza kwa nini nimesema leo. Nikamjibu ukweli, kwamba sasa hawawezi tena kunifukuza. Muungwana akivuliwa nguo huchutama, lakini mimi nilisubiri kwanza watu waondoke ndipo nichutame.

Nilimwomba Julie anipe siku mbili kabla hajapiga simu. Jumamosi nikaenda mwenyewe.

Furaha anaishi ghorofa ya pili huko Cabramatta. Alifungua mlango, akanikumbatia kwa mabega tu, mikono ameiweka nyuma. Alinikaribisha vizuri, akaniita Mama kama zamani. Merveille, ambaye sasa ana miaka kumi, alikuwa jikoni akijipakia siagi kwenye mkate, kimya, kama mtu aliyezoea. Chai sikuletewa. Nililetewa soda ya kopo, haijafunguliwa, na mrija ukiwa bado kwenye karatasi yake. Nyumba ya Mwafrika, mgeni anapewa kopo lililofungwa. Nilidhani ni hasira, nikasema moyoni kwamba ni haki yake.

Kisha akakaa, nikaiona mikono yake. Ngozi ilikuwa imepasuka katikati ya vidole, nyekundu, inabanduka mpaka kwenye vifundo, kama ya mtu anayekoroga saruji kila siku. Nilimuuliza kama ni kazi ya ghalani. Akasema hapana, kule wanavaa glavu.

Sikutaka kuuma maneno. Nikamwambia, "Furaha, Doreen hakuugua kwa kuku wako. Niliyemletea ugonjwa ni mimi. Nilishika nyama ya Rusty kwa glavu, na kwa glavu hizo hizo nikamtengenezea mkate, na Alhamisi aliula tena. Nilijua tangu Ijumaa ile. Nilipokupima kwa ile taa nilikuwa najua."

Nilisikia Merveille akifungua na kufunga droo.

"Si miye?" Furaha aliuliza.

"Si wewe."

"Na ulijua."

"Nilijua."

Aliitazama mikono yake, akaigeuza. "Mi nilifikiri unanifichia aibu," alisema polepole. "Siku ile ulimwambiaka Julie niko nervous, nikasema, Mama ananihurumia, hapendi banisikie. Nikakushukuru kwa roho. Nikasema, kama Mama Sabuni mwenyewe aliona kwa taa, basi ni miye. Niliuwa karibu bibi wa watu. Kila siku naosha, naosha. Kupika niliachaka. Kwa kanisa banasema, Furaha, leta sombe, mi nakatala. Mutoto anakula ya school, ao anajitengenezea. Mi sigusake chakula ya mutu."

Kumbe hakuna aliyekikataa chungu chake. Alikikataa mwenyewe, kwa sababu aliniamini. Niliomba msamaha. Niliomba kwa maneno niliyoyaandaa kwenye treni, nikayasikia yanavyosikika pale chumbani, nikaacha katikati. Yeye hakusema amenisamehe na hakusema hajanisamehe. Aligeuza uso akamwita mwanawe.

Merveille alikuja na mkate wake mkononi. Kama watoto wengi wa huku, Kiswahili anakisikia lakini hakijibu.

"Umwambie," Furaha aliniambia. "Mu English, asikie muzuri."

Nikamwambia yule mtoto yale yale kwa Kiingereza, "Your mum didn't make that lady sick. I did. I knew, and I let everyone think it was her."

Merveille hakunitazama hata kidogo. Alimtazama mama yake, akamuuliza habari ya chakula chake cha mchana, "So you can do my lunch now?"

Furaha alinigeukia mimi akangoja, kama alivyokuwa akingoja darasani mwalimu aseme kama amenawa sawasawa. Nikasema ndiyo. Nikasema tena, kwa Kiingereza, mtoto asikie.